Sista, mishipa ya damu ya mwanangu nayo ina kasoro?

Sista, salaam nyingi.

Nakuandikia kutoka Arua. Nauza vitenge sokoni, na mara kwa mara navuka mpaka kwenda Ariwara kuchukua mzigo. Nina watoto wanne. Ninayekuletea habari zake ni wa pili, mvulana wa miaka 14, yuko kidato cha pili shule ya bweni.

Mtoto huyu alizaliwa akakaa siku tatu bila kupata choo. Tumbo lilijaa mpaka ngozi ikang'aa, akatapika maji ya kijani. Pale nilipojifungulia walisema ni gesi, wakatupa dawa ya matone, tukarudi nyumbani. Tukahangaika naye hivyo, leo kidogo, kesho hakuna, mpaka tulipofika kwa daktari wa upasuaji wa watoto akatuambia ni ugonjwa wa Hirschsprung: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina neva, kwa hiyo haisukumi kinyesi. Wakamtolea utumbo tumboni, ile kolostomi, nami nikawa namfunga vitambaa maana mifuko ilikuwa haipatikani, na ikipatikana bei haishikiki. Alipokuwa na miaka mitatu ndipo walipokata kipande kibovu, wakashusha utumbo wenye afya, mwishowe wakafunga tumbo.

Tangu hapo namshukuru Mungu. Amekua, anasoma, na mpira ndio maisha yake. Ni winga wa kulia wa timu ya shule.

Likizo iliyopita alikuja shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayesoma chuo Kampala. Akatuambia amesoma kwenye simu kwamba watafiti wanapima mishipa ya damu ya watu waliozaliwa na ugonjwa huu, na kwamba jeni zinazoharibu utumbo ndizo hizo hizo zinazofanya kazi kwenye mishipa ya damu. Akasema mbele ya watu wote, tuko mezani, kwamba kijana huyu anaweza kuanguka uwanjani moyo ukasimama. Sista, chakula kilinishinda. Palepale mama mkwe akatangaza kuwa mpira umekwisha.

Kijana akaendelea kucheza kwa siri. Siku moja nikamkamata akitoka uwanjani, jasho linamchuruzika, nikamburuta hadi famasi wampime presha. Ikasoma 136 kwa 84. Yule kijana wa famasi akasema iko juu, akataka kuniuzia vidonge. Sikununua, lakini usingizi umenipotea.

Kuna mengine mawili. Shuleni anaogopa kuchafua nguo, kwa hiyo mchana hali wala hanywi maji, halafu jioni kabla ya mazoezi anakunywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa ndogo. La pili, ukoo wa mume wangu unasema ugonjwa umetoka kwenye damu ya kwetu, na mdogo wangu ambaye ni mjamzito sasa ameingiwa na hofu.

Naomba unieleze: ni kweli mishipa yake ya damu ni mibovu? Aache mpira? Na kosa ni la kwetu? Mwalimu wa michezo anataka barua, na mimi sijui niandike nini.

Mama wa Winga, Arua

*

Mama wa Winga,

Mwache acheze. Natanguliza hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta, na kwa sababu katika yote uliyoniandikia sioni hata moja linalomzuia kijana huyu kukimbia. Yapo ya kupima na yapo ya kurekebisha, nayo nitakueleza. Ila kumkalisha mtoto wa miaka 14 nyumbani kwa sababu ya habari ya kwenye simu ni kumwondolea kitu kinacholinda mishipa yake ya damu kuliko dawa yoyote ambayo yule kijana wa famasi angekuuzia.

Shemeji yako hakutunga, na sitaki umwone mwongo. Alichokosea ni mahali alipofikia. Tuanzie alikoanzia yeye.

Mtoto akiwa bado tumboni, kuanzia wiki ya 5 hivi ya mimba hadi ya 12, chembe changa za neva huondoka upande wa shingo na kuteremka kwenye utumbo, kutoka juu kwenda chini, zikiacha neva kila zinapopita. Kwa mtoto 1 kati ya takriban 5,000 wanaozaliwa, safari hiyo hukomea njiani. Sehemu ya mwisho hubaki bila neva, na utumbo usio na neva haulegei, hubana tu. Juu yake kinyesi na hewa hurundikana, utumbo ukavimba. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Copenhagen aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1886, aliuona utumbo uliovimba. Kwa miaka mingi madaktari wakashughulika na sehemu iliyovimba kwa sababu ndiyo inayotisha macho, kumbe kasoro iko chini yake, kwenye kipande chembamba kinachoonekana kizima. Ni mwaka 1948 ndipo Orvar Swenson wa Marekani alipoonyesha kwamba ukikata kile chembamba na kushusha utumbo wenye neva, mtoto anapona. Upasuaji aliofanyiwa mwanao umetokana na huo.

Sasa mishipa ya damu inaingiaje? Inaingia kwa njia mbili, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni ile ya jeni. Kuna kemikali za mwili zinazoitwa endothelini. Iliyogunduliwa kwanza ilipatikana Japani mwaka 1988, kwenye chembe zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na kazi yake ni kuibana mishipa. Ina ndugu zake, na mmoja wao huzisaidia zile chembe changa za neva kukamilisha safari ya utumboni. Kipokezi kinachozipokea, kinachoitwa EDNRB, kiko kotekote: kwenye chembe zinazosafiri utumboni na kwenye utando wa ndani wa mishipa ya damu. Kwenye mishipa, kipokezi hicho huufanya utando utoe gesi iitwayo naitriki oksaidi, nayo hulegeza mshipa ukapanuka. Pia husafisha endothelini iliyozidi kwenye damu. Mwaka 1994 watafiti waligundua kwamba jeni ya kipokezi hiki ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na Hirschsprung. Mwaka 2000 wengine wakaonyesha kwamba panya waliokosa kipokezi hicho walipanda presha walipolishwa chumvi nyingi. Ukisoma hayo mawili kwa pamoja usiku kwenye simu, utaogopa. Hata mimi namwelewa shemeji yako.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Wagonjwa wa Hirschsprung ambao jeni yao ya EDNRB ina hitilafu ni kama 5 kati ya 100. Jeni inayoongoza katika ugonjwa huu ni nyingine, inaitwa RET, na kazi yake kubwa iko kwenye neva na figo. Zaidi ya hapo, wale panya walikosa nakala zote mbili za jeni, wakati wagonjwa wengi wenye hitilafu ya EDNRB wamepoteza nakala moja tu na nyingine inafanya kazi. Wanaopoteza zote mbili mara nyingi huonekana tangu utotoni kwa dalili nyingine: uziwi, macho ya rangi isiyo ya kawaida, shungi la nywele nyeupe, mabaka meupe kwenye ngozi. Hali hiyo huitwa Waardenburg. Kama mwanao anasikia vizuri na hana mabaka hayo, huko usikutafute.

Kuna jambo jingine linalowachanganya watu wanaosoma habari hizi. Utumbo nao hulegezwa na naitriki oksaidi ile ile. Kile kipande kisicho na neva hubana kwa sababu neva ambazo zingetoa gesi hiyo hazipo. Mtu akisoma hapo huruka na kusema, basi na mishipa ya damu nayo imekosa. Hapana. Utumboni gesi hiyo inatoka kwenye neva; kwenye mishipa ya damu inatoka kwenye utando wa mshipa wenyewe, kwa kimeng'enya kingine kabisa. Nyumba inayotegemea waya wa umeme ikizimikiwa, jirani mwenye sola anaendelea kuwasha taa. Tena kile kipande cha mwanao kilishakatwa kikatupwa.

Njia ya pili naijali zaidi, ingawa shemeji hakuitaja. Zile chembe zinazoteremka utumboni ni za ukoo mkubwa, na sehemu nyingine ya ukoo huo huenda kusaidia kujenga mishipa mikuu inayotoka kwenye moyo. Ndiyo maana baadhi ya watoto wenye Hirschsprung huzaliwa pia na kasoro ya moyo, hasa wale wenye ugonjwa wa Down. Na wapo wanaozaliwa na hitilafu za figo au njia ya mkojo. Ni wachache, ila ukipata mtoto wa Hirschsprung mwenye presha ya juu ya kweli, hapo ndipo daktari mwenye akili anapoanza kutazama: figo, na mshipa mkuu wa moyo.

Hivyo vipimo vya watafiti anavyovisema shemeji ni hivi. Wanakufunga mkanda wa presha kwenye mkono, wanaukaza kwa dakika 5 hadi damu isipite, kisha wanauachia ghafla. Damu inarudi kwa kasi, utando wa mshipa unaihisi kasi hiyo, unatoa naitriki oksaidi, mshipa unapanuka. Wao wanautazama kwa ultrasaundi na kupima umepanuka kwa asilimia ngapi. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha kundi na kundi. Hakitumiki kumwambia mtoto fulani acheze mpira au asicheze. Mshipa unaopanuka kidogo kuliko wa mwingine si moyo unaosimama. Ni alama kwamba mtu huyo, akifika miaka 40 au 50, atahitaji kuwa makini na presha, sukari, sigara na uzito. Na mazoezi ni mojawapo ya mambo machache yanayojulikana kuuboresha upanukaji huo. Umeona ninakoelekea.

Turudi famasi. Ile 136 kwa 84 siikubali na wala siipuuzi. Mtoto ametoka uwanjani, ameshikwa akitenda kosa, mama amekasirika, na mchana kutwa hakunywa maji ila kile kinywaji chenye kafeini. Presha ya nani isingepanda? Nimeona pia mara nyingi watoto wakipimwa kwa mkanda usiolingana na mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu, mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini. Mpira wa ndani wa mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono.

Mpeleke apimwe upya hivi. Asubuhi, hajakimbia, hajanywa kafeini, ameshakojoa. Akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu miwili chini, bila kukunja nne, mkono wa kulia ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Atulie dakika 5, na wewe usimsemeshe. Apimwe mara mbili au tatu, aandikiwe zote. Halafu arudi siku nyingine, na nyingine tena. Kwa mtoto aliyefikisha miaka 13, chini ya 120 kwa 80 ni sawa. Ikiwa siku tatu tofauti inafika 130 kwa 80 au zaidi, hapo ndipo tunasema ana presha, na vidonge bado si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni kutafuta chanzo.

Hata kabla ya matokeo hayo, kwa historia yake, mimi ningemwomba daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Arua mambo matatu ambayo hayana gharama kubwa. Mkojo upimwe kama una protini au damu. Figo zitazamwe kwa ultrasaundi. Na daktari ashike mapigo kwenye kinena, apime presha mkononi na mguuni. Huko kwenye kinena ndiko mtu anagundua kama mshipa mkuu umebanwa mahali: mapigo ya mkono yana nguvu, ya kinena ni dhaifu au yanachelewa, na presha ya mguu iko chini kuliko ya mkono. Ni vidole viwili na dakika moja, na ajabu ni kwamba husahaulika. Likionekana lolote, au daktari akisikia sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo, ataandika rufaa ya kupigwa picha ya moyo kwenye Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Yasipoonekana, usiuze vitenge vyako kwa nauli ya Kampala kwa sababu ya wasiwasi peke yake.

Kuhusu mpira, kuna dalili nne ambazo akizipata asimame siku hiyo hiyo na aonwe na daktari kabla ya kurudi uwanjani: kuzirai akiwa anakimbia, maumivu ya kifua wakati wa kukimbia, moyo kwenda mbio ovyo bila sababu, na kuishiwa pumzi kuliko wenzake wa rika lake. Muulize pia mumeo kama katika ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Maswali haya anastahili kuulizwa kila mtoto anayecheza mpira Uganda, awe na kovu tumboni au asiwe nalo.

Sasa nikueleze lini mishipa ya damu ya mwanao inaweza kweli kumletea hatari, maana hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Watoto wa Hirschsprung, hata baada ya upasuaji uliofaulu, wanaweza kupata uvimbe mkali wa utumbo unaoitwa enterokolaitisi. Huwapata zaidi katika miaka miwili ya kwanza baada ya upasuaji, lakini unaweza kuja hata baadaye. Huo ndio unaoua watoto hawa. Tumbo linajaa, homa inapanda, anaharisha kwa kishindo kinyesi chenye harufu kali isiyo ya kawaida, pengine na damu, anatapika, analegea. Vijidudu vikivuka ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu, mishipa midogo ya mwili mzima hulegea na kuvuja maji, presha inaanguka badala ya kupanda, viungo vinakosa damu. Nimekaa na watoto wa namna hiyo wodini. Usiku wa manane mkono wa mtoto ni wa baridi ingawa paji la uso linaunguza.

Jifunze kipimo hiki, ufundishe na matroni wa shule. Bonyeza ncha ya kidole chake cha mkono hadi iwe nyeupe, shikilia kama sekunde 5, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikizidi 3, na mtoto ana homa na tumbo limejaa, usingoje asubuhi, na usikubali kuambiwa ni malaria tu kwa sababu kipimo cha malaria kimesoma chanya. Anaweza kuwa na vyote viwili. Mwambie daktari kwa kauli wazi: huyu alifanyiwa upasuaji wa Hirschsprung. Anahitaji maji ya mshipa, antibiotiki, na kuoshwa utumbo kwa maji ya chumvi kupitia mrija laini. Na asipewe kamwe dawa ya kufunga kuhara. Dawa hizo hufungia sumu ndani.

Hili la kutokula na kutokunywa mchana linaniuma. Kijana anajikausha ili asichafue nguo. Damu inapungua maji, mapigo yanapanda, kinyesi kinakauka, na kinyesi kikavu kikikaa ndicho kinachosababisha majimaji kupenya pembeni na kuchafua nguo. Kwa hiyo dawa anayoitumia ndiyo inayomzidishia ugonjwa. Na usidhani ni uzembe au uchafu. Wengi waliofanyiwa upasuaji huu wana shida hiyo, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyokua.

Anywe maji asubuhi, mchana na kabla ya mazoezi, maji ya kawaida. Vile vichupa aviache kabisa. Anywe uji wa asubuhi, kisha kama dakika 20 baadaye aende chooni akae kwa utulivu dakika 10, hata kama hasikii haja, kwa maana chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Afanye vivyo hivyo baada ya chakula cha jioni. Zungumza na matroni apewe ruhusa ya kutoka darasani bila kunyoosha mkono na kueleza mbele ya wenzake, na awe na suruali ya akiba na sabuni mahali anapopajua yeye. Posho (ugali) na maharage ya shule vinamfaa. Ongeza matunda na mboga akiwa nyumbani. Angara (samaki mkavu) mnayoipenda Arua si haramu, ila ni ya chumvi, basi iroweke na kumwaga maji ya kwanza kabla ya kupika. Na akiumia uwanjani asizoee kumeza diklofenaki au ibuprofeni kila wiki. Dawa hizo hupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mtu asiyekunywa maji.

Kama baada ya mwezi mmoja hivi wa utaratibu huo bado anachafua, au anakaa siku nyingi bila choo, arudi kwa madaktari wa upasuaji wa watoto. Huenda mshono umebana, au mlango wa haja haulegei, au kuna kipande kisicho na neva kilichobaki. Yote hayo yana tiba. Entebbe kuna hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa mwaka 2021 ambayo haitozi fedha, na Mulago na Mbarara wapo wapasuaji wa watoto. Nenda na karatasi zote za zamani, hata zilizochanika.

Limebaki la ukoo. Ugonjwa huu unaweza kubebwa na upande wowote, mara nyingi na pande zote mbili kwa vipande vidogo vidogo vya urithi ambavyo kila kimoja peke yake hakina madhara, na mara nyingine unaanza kwa mtoto mwenyewe bila kutoka kwa mzazi yeyote. Hakuna chakula ulichokula, hakuna mtu aliyekutazama vibaya, hakuna dhambi. Wavulana wanaupata karibu mara nne kuliko wasichana. Ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa wana uwezekano wa kama 4 kati ya 100 kwa wastani, na huongezeka sana pale kipande kisicho na neva kinapokuwa kirefu. Mtoto wa mdogo wako yuko mbali zaidi na hapo. Mwambie mdogo wako azalie kituoni, na aangalie jambo moja: choo cheusi cha kwanza kitoke ndani ya saa 24. Saa 48 zikipita bila choo, au mtoto akitapika kijani, asikubali matone ya gesi. Apelekwe apimwe, na kipimo cha uhakika ni kinyama kidogo kinachotolewa kwenye utumbo wa mwisho na kutazamwa kwa hadubini kama kina neva.

Mama mkwe mpelekee habari hizi kwa heshima, ukiwa na mumeo, na si mbele ya kijana. Amemwona mjukuu akiwa na utumbo nje. Hofu yake ina sababu. Shemeji naye mpe kazi, kwa kuwa anajua kusoma: awe ndiye anayempeleka kupimwa presha hizo siku tatu, na awe ndiye anayeandika namba.

Barua ya mwalimu wa michezo ninakuandikia mimi. Inakili, daktari wa Arua akishamwona mtoto aigonge muhuri:

"Mwanafunzi huyu alifanyiwa upasuaji wa utumbo utotoni kwa sababu ya ugonjwa wa Hirschsprung. Anaruhusiwa kushiriki mazoezi na mechi zote. Apewe maji ya kunywa kabla, katikati na baada ya mchezo, na aruhusiwe kwenda chooni wakati wowote bila kuulizwa. Akizirai, akipata maumivu ya kifua, au akipata homa na tumbo kujaa, apelekwe hospitali mara moja na mzazi apigiwe simu."

Sista